Mikono Mingi: Historia ya Malezi Mkoani Singida

Malezi ya watoto Singida yalifuata mvua kabla ya kufuata kitu kingine chochote. Mkoa huu una msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili, na miezi inayobaki ni ya jua, upepo na safari ndefu za kutafuta maji. Uwele na mtama ndivyo vilivyowalisha watu kwa vizazi vingi, ng'ombe na mbuzi ndio waliokuwa akiba, na njaa ilirudi mara kwa mara. Katika nchi ya namna hiyo mtoto alipewa kazi mapema, na aliyemfundisha kazi ndiye aliyemlea. Anayetaka kujua wazazi wa Singida walipata wapi mashauri yao ya malezi hana budi kuanzia jikoni, shambani na malishoni, ndipo afike shuleni na kliniki.

Mkoa wenyewe si wa zamani. Ulizaliwa mwaka 1963, Jimbo la Kati lilipogawanywa kuwa mikoa ya Dodoma na Singida. Watu wake ni wa asili tofauti. Wanyaturu, ambao wenyewe hujiita Warimi, wako kuuzunguka mji wa Singida na Ikungi. Wanyiramba wako Iramba. Waisanzu wako Mkalama, jirani na Wahadzabe wa upande wa Ziwa Eyasi. Wagogo na Wakimbu wako Manyoni na Itigi. Na wafugaji wa Kitaturu wametawanyika katikati yao. Hakuna malezi ya Singida yaliyo mamoja. Kwa Wanyaturu mtoto alihesabiwa upande wa baba, na mifugo aliyotarajia kurithi ilikuwa zizini kwa baba yake. Kwa Waisanzu ukoo ulifuata upande wa mama, hivyo kijana alijua kwamba mjomba wake ana sauti juu yake, na neno la mjomba lilikuwa na uzito ambao baba mzazi hakuweza kuupuuza. Pamoja na tofauti hizo, jambo moja lilikuwa la wote: mzazi hakuachiwa mtoto peke yake.

Nyumba ya jadi ya eneo hili ni tembe. Kuta zake ni za miti iliyokandikwa udongo, paa ni bapa, limewekwa fito na kufunikwa udongo juu yake, na mlango ni mfupi kiasi kwamba mtu mzima huinama anapoingia. Ndani kuna giza hata saa sita mchana. Macho yakizoea, huonekana mafiga, vyungu, vibuyu vilivyotundikwa, nguzo zilizokolea moshi, na jiwe la kusagia lililolika katikati kwa kazi ya miaka. Hapo ndipo bibi alipokaa na wajukuu jioni. Mtoto aliyeachishwa ziwa mara nyingi alihamia kwake kulala, na alikuta huko wenzake, watoto wa baba wakubwa na wadogo, wamejibana kwenye ngozi moja. Hadithi na vitendawili vilikuwa vya usiku. Mchana ulikuwa wa kazi.

Kati ya babu au bibi na mjukuu kuna utani, na utani huo ulikuwa chombo cha malezi hasa. Baba na mama waliheshimiwa kwa umbali fulani. Yapo mambo ambayo mtoto hakuyasema mbele yao wala wao hawakuyasema mbele yake. Bibi hakuwa na mipaka hiyo. Aliweza kumwita mjukuu wa kiume mume wake, akamcheka kwa uvivu wake, akamuuliza habari za wasichana, na katika kicheko hicho akamweleza kinachomfaa na kisichomfaa. Wazazi walijua kinachoendelea na walinyamaza. Ugumu ambao wazazi wengi wa leo wanao wa kuzungumza na vijana juu ya miili yao haukutokana na uzembe. Wazee wao walikuwa wameikabidhi kazi hiyo kwa mtu mwingine, na mtu huyo siku hizi yuko mbali na nyumba anakokulia mjukuu.

Ushauri wa kwanza kwa mzazi ulihusu ziwa. Mama alitakiwa kunyonyesha miaka miwili au zaidi, na katika muda huo asishike mimba nyingine. Aliyeivunja kanuni hiyo aliambiwa amembemenda mtoto. Neno kubemenda linajulikana kote Tanzania, na lina ukali wake: mtoto anapokonda, miguu ikavimba, nywele zikawa nyepesi na kubadilika rangi, majirani humtazama mtoto kisha wakamtazama mama. Kitabibu hali hiyo ni utapiamlo, na husababishwa na upungufu wa chakula pamoja na maradhi. Sababu waliyoitaja wazee haikuwa sahihi. Hata hivyo kanuni iliyojengwa juu yake ilimfaa mtoto, kwa kuwa ilimhakikishia maziwa kwa miaka miwili na ikampa mama nafasi ya kurudisha nguvu. Hasara yake ilikuwa aibu. Mama mwenye mtoto mgonjwa aliogopa kumtoa nje asije akasemwa, na siku zilizopotea katika kuficha ndizo ambazo matibabu yangesaidia.

Pamoja na ziwa ulikuja uji wa uwele, wakati mwingine mapema mno na mwepesi mno. Shirika la Afya Duniani leo linashauri maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza, kisha vyakula vingine huku mtoto akiendelea kunyonya hadi miaka miwili na zaidi. Nusu ya pili ya ushauri huo haikuwa ngeni Singida. Nusu ya kwanza ndiyo iliyohitaji kufundishwa.

Kazi za mtoto zilipangwa kwa umri, na mpango huo ulikuwa na akili nyingi. Mtoto wa miaka minne au mitano alitumwa karibu: kuchukua kaa la moto kwa jirani, kuita mtu, kufukuza kuku kwenye mtama ulioanikwa. Msichana alipewa kibuyu chake cha maji, kidogo, kinachomtosha kichwani, na kibuyu hicho kilibadilishwa kadiri alivyokua, mpaka siku alipobeba kile cha mama yake bila mtu kutangaza. Mvulana alianza na ndama na mbuzi kando ya nyumba, na miaka ilipopita akapewa ng'ombe na kwenda nao mbali. Alifundishwa kuwatambua kwa rangi na kwa pembe. Aliyerudi jioni na upungufu wa mnyama mmoja alijua kwamba hasara hiyo inaweza kuwa mahari ya kaka yake.

Kazi iliyowahusu watoto wote ni kuwinga ndege. Uwele na mtama vinapoanza kukomaa, makundi ya kwelea kwelea huweza kumaliza shamba kwa muda mfupi, na kwa hiyo watoto walikaa shambani tangu alfajiri, juu ya dungu la miti, wakipiga kelele, wakirusha mabonge ya udongo kwa kombeo na kugonga madebe. Mtoto kwenye dungu alikuwa analinda chakula cha mwaka mzima, na alijua hivyo. Ni vigumu kupata somo la uwajibikaji lililo zito kuliko hilo. Ni kweli pia kwamba lilikuwa somo la jua kali na usingizi mchache, na baadaye likawa chanzo cha utoro shuleni ambao walimu wa Singida waliupigania kila msimu wa mavuno.

Kaskazini mwa mkoa, kwenye bonde la Eyasi na vijiji kama Munguli, Wahadzabe waliwalea watoto wao kwa njia iliyowashangaza hata majirani zao wakulima. Hawa walikuwa wawindaji na wakusanyaji, hawakuwa na shamba wala zizi, na mtoto hakupewa amri nyingi. Mvulana mdogo hupewa upinde akiwa bado anajikwaa, akalenga mijusi na ndege. Wasichana na wavulana kwa pamoja hutoka karibu na kambi kutafuta ubuyu, matunda pori na mizizi. Katika miaka ya 1980 watafiti Nicholas Blurton Jones, Kristen Hawkes na James O'Connell walikaa na Wahadzabe wakipima kwa mizani walichokusanya watu wa kila umri. Waliona kwamba watoto hujitafutia sehemu kubwa ya chakula chao wakiwa bado wadogo. Waliona pia jambo lililoifanya Eyasi itajwe katika vitabu vya sayansi duniani kote: wanawake wazee, waliokwisha kukoma kuzaa, walikuwa miongoni mwa wachimbaji hodari wa mizizi, na mama aliyejifungua alipopunguza kazi, chakula cha watoto wake wakubwa kilitegemea bibi yao. Kutokana na vipimo hivyo Hawkes na wenzake walijenga hoja, mwishoni mwa miaka ya 1990, kwamba huenda binadamu anaishi miaka mingi baada ya kukoma kuzaa kwa sababu wajukuu wa bibi mwenye nguvu walipona zaidi. Wanasayansi bado wanaijadili. Kwa mtu wa Singida, wa kambini au wa kwenye tembe, jambo la kushangaza katika hoja hiyo lingekuwa kwamba ilihitaji kuthibitishwa.

Ujana ulikuwa na mlango wake. Kwa Wanyaturu na Wagogo wavulana walitahiriwa kwa makundi katika jando, wakati wa kiangazi baada ya mavuno, chakula kikiwapo na kazi za shamba zikiwa zimepungua. Walitengwa, walitunzwa na wakubwa, walifundishwa kwa nyimbo na mafumbo, na walirudi wakitarajiwa kuzungumza, kuketi na kusalimia kwa namna tofauti. Uchungu ulikuwa sehemu ya fundisho: mtu atakayechunga usiku na kukabili fisi alipaswa kwanza kujua kwamba anaweza kuvumilia. Undugu wa waliotahiriwa pamoja ulidumu. Kijana aliyekosea baadaye alionywa na wenzake wa rika kabla habari hazijafika kwa baba, na aibu mbele ya rika ilimkanya kuliko fimbo.

Wasichana walikuwa na mafunzo yao, chini ya shangazi, bibi na wanawake wengine wazima. Kwa Wanyaturu kulikuwa na imaa, sherehe ya siri ya wanawake ambayo mwanamume hakuruhusiwa kuikaribia. Mtafiti Marguerite Jellicoe, aliyefanya kazi Singida katika miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu The Long Path mwaka 1978, na Harold Schneider, aliyekuwa Unyaturu kabla yake na kuandika juu ya uchumi wa Wanyaturu mwaka 1970, wote waliona uzito wa taasisi hiyo. Katika jamii ambayo mifugo na mashamba vilikuwa chini ya wanaume, imaa iliwapa wanawake mahali pa kusema, kuimba na kuamuana bila kusikilizwa. Mke mgeni ukooni alipata humo watu wa kumtetea. Lakini elimu ya wasichana ilifungamana na kisu. Kukeketwa kulihesabiwa kuwa njia ya kumfanya msichana awe mwanamke na aweze kuolewa kwa mahari, na waliosimamia ni wanawake walewale aliowaamini. Maumivu, damu, na hatari wakati wa kujifungua vilichukuliwa kuwa fungu la mwanamke. Hapa ndipo historia hii inapouma, na haitafaa kuiruka.

Utawala wa Kijerumani ulijenga boma Mkalama mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1907 dhahabu iligunduliwa Sekenke, Iramba. Kodi ilifuata, na pamoja na kodi ikafuata safari. Vijana walikwenda Sekenke, kisha wakaenda mbali zaidi, kwenye mashamba ya mkonge na mashamba ya walowezi wa kaskazini. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilichukua wanaume kuwa wapagazi na ilichukua nafaka na ng'ombe. Mvua nazo zikakatika, na kati ya 1917 na 1920 Ugogo wote, pamoja na upande wa Manyoni, ulipigwa na njaa iliyobaki katika kumbukumbu kwa jina la Mtunya. Njaa kama hiyo ilikuwa mtihani mkuu wa malezi. Watoto walipelekwa kwa jamaa waliokuwa na chakula, na wengine hawakurudi. Ndoa zilizofungwa mbali na utani kati ya makabila vilithibitisha faida yake wakati huo, kwa kuwa mlango wa kubishia hodi ulikuwa umeandaliwa miaka mingi kabla.

Waliposafiri vijana na baba, pengo lilibaki jandoni na malishoni. Kijana aliyerudi kutoka mkongeni na shati, shilingi na maneno ya Kiswahili hakuwa tayari kufundishwa na mzee aliyemtegemea yeye kwa kodi. Mamlaka ya wazee yalianza kupungua hapo, miaka mingi kabla ya televisheni na simu kulaumiwa.

Wamisionari walileta mashauri ya aina nyingine. Walutheri wa Augustana kutoka Marekani walianza kazi Iramba katika miaka ya 1920, wakachukua nafasi ya Wajerumani wa misheni ya Leipzig waliokuwa wameondolewa kwa sababu ya vita. Kutokana na kazi yao zilikua shule, na hospitali za Kiomboi na Iambi. Upande wa Wakatoliki, masista wa Medical Missionaries of Mary walifika Makiungu mwaka 1954, na hospitali ya hapo ikawa jina ambalo akina mama wa Unyaturu walilitaja walipopata uchungu mgumu. Kinampanda ikawa mahali pa kufundishia walimu. Mama aliyekwenda hospitali alirudi na maneno mapya: chemsha maji, osha mikono, mlaze mtoto kwenye chandarua, mlete apimwe. Mengi yalikuwa mashauri mema, na mtoto aliyepona kuhara au homa alikuwa mhubiri wa kutosha kwa majirani. Udhaifu ulikuwa mmoja. Ushauri ulitolewa kwa mama peke yake, katika benchi la hospitali, kisha akarudi nyumbani kwa mama mkwe ambaye hakuwa ameusikia. Jando na ngoma viliachwa na Wakristo wengi bila kuwekwa kitu kingine mahali pake, isipokuwa mafundisho ya kipaimara ambayo hayakugusa mwili.

Baada ya uhuru serikali ilichukua kazi ya kuwashauri wazazi kwa bidii ambayo haijarudiwa. Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea vilitangazwa mwaka 1967. Mwaka 1973 ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya: watu wazima walikusanyika kwa makundi kuzunguka redio, wakasikiliza kipindi, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani karibu na nyumba. Watu kama milioni 2 walishiriki nchini. Nguvu yake ilitokana na mpango wenyewe, kwa kuwa baba, mama na bibi walisikia jambo moja wakati mmoja na waliamua pamoja. Miaka ya katikati ya 1970 ilileta pia vijiji vya ujamaa. Familia zilizoishi kwa kutawanyika zilisogezwa kwenye mistari ya nyumba. Shule na zahanati zilikaribia. Malisho na mashamba yalikwenda mbali. Bibi aliyekuwa hatua chache kutoka kwa wajukuu wake aliweza kujikuta upande mwingine wa kijiji.

Azimio la Musoma la 1974 liliamua kila mtoto aingie shule ya msingi ifikapo Novemba 1977, na Sheria ya Elimu ya 1978 ikalifanya jambo hilo kuwa la lazima. Vyeti vya kuzaliwa vilikuwa vichache. Mwalimu alimsimamisha mtoto mbele yake, akamwambia apitishe mkono juu ya kichwa na kushika sikio la upande wa pili. Vidole vikifika, ameiva kwa darasa la kwanza. Wazazi wafugaji walipiga hesabu zao usiku huo. Katika nyumba nyingi mtoto mmoja alikwenda shule na mwingine akabaki na ng'ombe, na ndugu wawili wa tumbo moja walikua na maisha mawili. Ada ya shule ya msingi ilipofutwa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) kuanza mwaka 2002, na elimu bila malipo hadi kidato cha nne ilipoanza mwaka 2016, sababu ya fedha ilipungua. Sababu ya ng'ombe na sababu ya mahari hazikuondoka kwa waraka. Wapo wasichana walioambiwa na wazazi wao wakosee makusudi mtihani wa darasa la saba.

Kipindi kile cha kampeni na zahanati ndicho kilichozaa habari ya lawalawa, na hakuna sehemu ya historia hii inayofundisha zaidi. Lawalawa ni jina la maradhi ya sehemu za siri na njia ya mkojo kwa watoto wachanga: muwasho, vipele, maumivu ya kukojoa, kilio kisichonyamaza. Katika miaka ya 1970 jina hilo lilienea Dodoma na Singida pamoja na maelezo kwamba hospitali haina dawa yake na kwamba mtoto wa kike hupona akikeketwa. Katika nchi ya ukame, ambako maji ya kuoga yanashindana na maji ya kupikia, maambukizi ya namna hiyo si ajabu. Usafi na dawa za kawaida huyatibu. Lakini mama kijana mwenye mtoto anayelia usiku kucha hakuwa na kitabu mkononi. Alikuwa na bibi wa mtoto na mkunga wa jadi, watu waliomzalisha, waliomwonyesha kunyonyesha, na ambao hawakuwahi kumdanganya. Kisu kilichokuwa cha msichana wa kuvunja ungo kikashuka hadi kwa mtoto wa miezi michache, kwa jina la tiba.

Sheria ya mwaka 1998 ya makosa ya kujamiiana iliongeza katika Kanuni ya Adhabu kifungu cha 169A, kinachokataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 na kuweka kifungo cha miaka mitano hadi kumi na mitano, au faini, au vyote viwili. Kwa wale walioshikilia desturi, sheria ilikuwa sababu nyingine ya kushusha umri, maana kichanga hakisemi, na jeraha lake hupona kabla ya mwalimu au polisi kuuliza. Kwa muda ilionekana kama serikali inakimbizana na kivuli.

Hata hivyo mabadiliko yalikuja. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulikuta asilimia 51 ya wanawake wa Singida wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Mwaka 2015/16 walikuwa asilimia 31, na mwaka 2022 asilimia 20, wakati wastani wa Tanzania ulikuwa asilimia 8. Hakuna kitu kimoja kilichofanya hivyo. Wasichana walikaa shule miaka mingi zaidi; makanisa na misikiti ilisema wazi; mashirika ya wenyeji yalikwenda kwa mangariba na wakunga wenyewe, yakazungumza nao kama watu wazima wanaoweza kubadili mawazo; wauguzi walionyesha mbele ya macho ya bibi kwamba lawalawa inatibika kwa maji, sabuni na dawa. Hili la mwisho lina uzito wa pekee. Bibi aliyeona mtoto akipona akawa shahidi, na neno lake lilipita njia ileile ambayo uongo ulikuwa umepitia.

Karne hii imeleta mashauri mengi ya maandishi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamwita mtoto kila aliye chini ya miaka 18 na inamdai mzazi chakula, makazi, mavazi, matibabu, elimu, na nafasi ya kucheza. Utafiti wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka huohuo ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu kati ya kumi nchini walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, na mvulana mmoja kati ya saba. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilitamka kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 14 au 15 ni kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019.

Wakati huohuo safari za zamani zimegeuka sura. Waliokwenda mkongeni walikuwa vijana wa kiume. Wanaopanda basi leo kwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani ni wasichana, wengine wamemaliza darasa la saba juzi. Wanalea watoto wa watu wengine katika umri ambao walipaswa kuwa bado wanalelewa. Mama aliyeachwa kijijini hupokea fedha kwa simu na sauti ya mwanawe kwa dakika chache, na hiyo ndiyo nafasi yake yote ya kumshauri. Maswali yaliyo ya maana zaidi katika mazungumzo hayo ni mepesi: analala wapi, mlango una kitasa, mshahara anashika nani, na jirani gani anaweza kumkimbilia.

Desemba 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto kwa watoto hadi miaka 8, ikapangiwa miaka mitano hadi 2025/26. Inataja mambo matano: afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Singida, ambayo sensa ya 2022 iliihesabia watu 2,008,058, ina kazi kubwa ya kuyafikisha matano hayo hadi kwenye nyumba za mwisho za Itigi na Mkalama. Mtu akiyasoma kwa macho ya historia ataona kwamba malezi yenye mwitikio na ujifunzaji wa awali vilikuwapo kwenye tembe, kando ya mafiga, bila kuitwa hivyo: kumjibu mtoto anapoita, kumsimulia, kumtega kwa kitendawili, kumpa kibuyu cha ukubwa wake. Lishe ilikuwapo mvua ilipokuwapo. Afya ililetwa na hospitali. Ulinzi wa mwili wa mtoto wa kike ndipo wazee walipokosea, na ndipo mkutano wowote wa malezi Singida unapopaswa kuanzia, bibi akiwa amekaa mstari wa mbele pamoja na mama na baba. Kwa hesabu ya 2022, mwanamke mmoja kati ya watano mkoani bado ana alama ya ushauri ambao wakubwa wake waliuamini.